Karibu na Kwetu Bellevue

Mkeka ulikuwa umelowa tena. Biubwa aliukanyaga kwa soksi, akasonya. Dari kavu, bomba liko uani, na chumba kizima kinanuka jiwe la mtoni.

"Bakiri, hiki chumba kina nini tangu turudi kutembea milimani Drakensberg?"

"Eish, mke wangu, baridi ya Joburg tu hiyo."

Baridi gani ya kugandisha wali ungali jikoni? Samira, mtoto wao wa mwaka mmoja, alikuwa akikohoa mpaka anabadilika rangi, dawa za kliniki hazimsaidii, na baba mtu anasema baridi tu! Biubwa hakupenda kuzungushwa. Akamwita Shehe Naseeb kutoka Jeppestown.

Shehe hakufukiza hata ubani. Alisimama mlangoni akiutazama ukuta unaotoka jasho. "Kule milimani mlikotembea mlifanya nini?" akanong'ona.

Bakiri akainamisha kichwa. "Korongo la mto Tugela linapobana, kuna pango. Nikapiga hodi, utani tu. Sauti ikaitika, karibu. Nikadhani Watanzania wenzetu. Nikajibu, asante, karibu na kwetu Bellevue."

"Ulimwona?"

"Hapakuwa na mtu."

"Na ukanyamaza siku zote hizi, mtoto anakohoa!" Biubwa alitamani kumrushia sufuria.

"Taratibu, mama, mgeni wenu anasikia," Shehe akasema. "Mimi hufukuza waliovamia. Huyu kaalikwa. Aliyemkaribisha amsindikize kwao, amuage, aondoke."

Asubuhi iliyofuata Bakiri akaazima gari, akafungua mlango wa nyuma. "Twende, mgeni," akasema, na gari likadidimia upande mmoja.

Alasiri mkeka ulikuwa mkavu. Samira alilala, kifua kimetulia, na Biubwa alikuwa bado anamlilia kwa furaha na hasira simu ilipoita, sauti ya mumewe ikitokea mbali, nyuma ya maji yanayoporomoka.

"Nimemfikisha. Ananing'ang'aniza nile kwanza. Wako wengi, Biubwa, wote wamesogea wanipe nafasi."

"Usile chao, ukila hutarudi! Muage, utoke!"

"Naona haya, mke wangu."

"Haya gani, Bakiri? Toka!"

Biubwa akaikandamiza simu sikioni, akasikia maji yakimiminwa taratibu juu ya mikono, akasikia sahani ikisogezwa, akasubiri amsikie mumewe akisema bismillahi.

Akamsikia anatafuna.