Kengele ya Lifti

Lifti ilikwama asubuhi, watu wakiwahi kazini, nayo imejaa hadi mlangoni. Miongoni mwa waliobanwa humo alikuwa binti mwenye gauni la kijani na kiatu kimoja mkononi. Kisigino cha kiatu hicho kilikuwa kimekatika ngazini. Kwenye spika ndogo ukutani ikasikika sauti nzito, isiyo na haraka.

"Tulieni. Mimi ni fundi, niko chumba cha mitambo juu yenu."

"Tutajuaje kuwa wewe ni fundi?" aliuliza binti.

Watu walicheka, yeye hakucheka. Kazi yake, katika benki iliyokuwa kwenye jengo hilo, ilikuwa kupokea simu za wateja na kuthibitisha kuwa anayepiga ndiye mwenye akaunti. Wenzake walimwita Bi Uhakika.

"Tazama taa," sauti ilijibu. Taa ikazima, ikawaka. "Umeridhika, mama mkaguzi?"

"Kwa sasa."

Mlango ulipofunguka, fundi alikuwa amechuchumaa nje, ovaroli ya buluu, grisi shavuni. Alikitazama kiatu. "Na hicho nikitengeneze?"

Alikitengeneza, na mapenzi yakaanzia hapo. Kisha matapeli wakaiiga sauti ya fundi kwa kompyuta, wakampigia mama yake binti: "Mama mkwe, nisomee namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako." Mama alikuwa ameshavaa miwani aisome, binti akawahi kumnyang'anya simu. Tangu siku hiyo wapenzi wakakubaliana: simu ikitoka namba ngeni, anayepiga aulizwe swali. Asipojibu, inakatwa.

Mchana mmoja ikaingia namba ngeni.

"Mpenzi, nisikilize. Nimepewa kazi mji mwingine, gari la kampuni linaondoka jioni hii. Nitaikataa ukikubali jambo moja. Nikuoe?"

Moyo ulimruka. Mdomo ukafanya uliyoyazoea.

"Siku ile nilishika nini mkononi?"

"Jamani, hata leo? Naomba mke, napewa mtihani. Jibu kwanza, nina haraka."

Kazini walifundishwa kwamba tapeli humharakisha mtu. Akakata. Akapiga namba halisi ya fundi: imezimwa. Akahesabu kwamba ushahidi umetosha.

Alipotoka kazini, mlinzi wa mapokezi alimsimamisha.

"Shemeji, umemfanya nini kaka yangu? Simu yake huifungia kabatini akiwa kazini, akaazima yangu. Ameirudisha kama mtu aliyefiwa. Yuko juu anafungasha vifaa."

Binti alitoa simu. Alipiga tena: imezimwa. Chumba cha mitambo hufungwa kwa ndani. Basi akaingia kwenye lifti tupu, akabonyeza kitufe cha kengele. Waya wa kengele hiyo uliishia kwa fundi, hapakuwa na mtu wa kuingilia kati.

"Dharura. Nani amekwama?"

"Mimi."

"Mimi nani? Siku hizi sauti zinaigizwa."

"Nina kiatu mkononi."

"Hilo walikuwepo wengi walioliona."

"Hawakuona ulivyokibandika kisigino kwa gundi ya mazulia ya lifti. Mpaka leo kinanuka, na bado nakivaa."

Spika ilitoa kicheko, kikakatika. "Mbona ulinikatia?"

"Kwa sababu uliniomba kitu ninachokitaka mno. Mtu akiniahidi ninachokitaka mno, ndipo namshuku zaidi."

"Nilipaswa kujibu swali lako. Kosa langu."

"Sikukupa hata nafasi ya pili. Na mimi kosa langu. Uliza tena, ila usiniharakishe."

Lifti ikaanza kupanda taratibu. Taa ikazima. Gizani, sauti nzito ikauliza, neno kwa neno, kama mtu anayekaza skrubu: "Nikuoe?"

"Ndiyo."

Taa ikawaka, mlango ukafunguka. Fundi alisimama pale na begi la vifaa begani. Binti alikuwa kavua kweli, kiatu mkononi, mguu mmoja peku.

"Sasa mpigie bosi wako umwambie huendi," alisema, akimfuta grisi shavuni. "Na tumia simu yako, asije akakukatia."