Pembe Ina Mwenyewe

Asubuhi moja Amissi, mkamua mawese wa Rumonge, alikuta nyayo za mtoto mdogo kwenye majivu ya jiko. Nyumba yake haikuwa na mtoto. Alimuuliza mkewe, Chausiku. Chausiku akazifagia.

Siku ya tatu ikaja harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha. Siku ya saba, jua likiwa utosini, Amissi alisikia kikohozi chembamba nyuma ya mlango, akaenda kuchungulia, akamkuta mkewe amepiga magoti peke yake, anamega bugali wake tonge kwa tonge na kuuelekeza kivulini, na kila tonge lililofika kivulini halikuonekana tena.

Chausiku alikuwa amebaki mifupa. Amissi akamwita Bibi Sharifa, fundi wa majini kutoka Minago. Ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, jini akampanda Chausiku kichwani na kusema kwa sauti ya mtoto:

"Mama, nikae hapa mpaka lini?"

Alipozinduka, Chausiku alilia, kisha akasimulia. Amissi alijua kwamba mkewe alivushwa ziwa akiwa mtumwa, na kwamba serikali ya Mdachi ndiyo iliyompa barua ya uhuru. Habari ya mtoto hakuwahi kuisikia. Njiani, akiwa na pembe ya ndovu begani na mwanawe mgongoni, Chausiku alishindwa kupanda mlima. Mnyapara akamwambia atue mzigo mmoja, na pembe ina mwenyewe. Basi akamkalisha mwanawe kando ya njia, akamwambia akae pale, mama anakuja.

"Huyu si mutoto wako," Sharifa alinong'ona. "Ni jini. Amekuta mlango wa huzuni uko wazi, akaingia kwa sauti ya mutoto wako. Mwambie aende, utapona. Ukimwacha, atakumaliza."

Chausiku alikigeukia kile kivuli cha nyuma ya mlango.

"Siku ile niliambiwa nimwache, nikatii," akasema. "Leo hakuna mwenye fimbo hapa. Siwezi, bibi."

Amissi alimsihi siku nyingi. Alimwambia hana kosa. Chausiku alimsikiliza kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya mbali.

Alikufa kabla ya mvua. Baada ya kumwosha, Sharifa alimwita Amissi kando akamwambia kwamba mwili wote ulikuwa baridi isipokuwa mgongo. Mgongo ulikuwa na joto, kama wa mama aliyeshusha mtoto sasa hivi.

Walipomlaza kaburini kwa ubavu, Amissi aliwaomba wachimbaji waache nafasi kidogo nyuma ya mgongo wake.