Siku Korongo Lilipoporomoka

Fumie alikuwa akitundika figili zikauke chini ya upenu. Mumewe, Yasuji, akatoka nje amevaa viatu vipana vya kutembelea thelujini.

"Baba hajibu redio tangu jana," alisema. "Napanda."

Baba yake, Mzee Torakichi, aliishi peke yake juu mlimani, kwenye nyumba ya wageni penye chemchemi ya maji moto. Njia ya mkato ilipita kwenye korongo.

"Korongoni na theluji hii?" Fumie aliuliza.

"Theluji gani? Hata mawe yanaonekana! Maporomoko ya theluji ni mambo ya Februari, siyo sasa."

"Nani kakudanganya?"

Aliyesema hivyo ni dada yake Yasuji, Setsuko, wa kikosi cha uokoaji milimani. Alikuwa na sepetu begani.

"Baba ni wangu pia. Tutakwenda sote watatu. Lakini tuchimbe kwanza."

Chini ya mlima, Setsuko alichimba mpaka kwenye nyasi.

"Shika theluji hii ya chini."

Yasuji aliishika. Ikamwagika vidoleni kama sukari.

"Hii ilianguka mwanzo wa majira ya baridi," Setsuko alisema. "Baridi kali imeifanya chengachenga, haishikani. Juzi upepo ulirundika nyingine nzito juu yake. Ukikanyaga mteremko mkali, ya juu yote inateleza."

"Kidogo hivi inaua, wifi?" Fumie aliuliza.

"Inakuburuta juu ya mawe na visiki. Kisha inakufukia kule chini ya korongo."

Wakaliacha korongo, wakapita kwenye mgongo wa mlima, ndani ya msitu mnene, pasipo na mteremko mkali. Kila mmoja alivaa kifaa kidogo cha kutoa ishara, ili akifukiwa atafutwe. Walibeba sepetu na fito ndefu za kuchomeka thelujini kumtafuta aliyefukiwa. Penye uwazi walivuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama.

Walipokuwa juu ya korongo, theluji ilishuka kidogo chini ya miguu yao. *Vuuum!* Ufa ukakimbia kutoka miguuni mwa Yasuji hadi ng'ambo. Ukuta mzima wa korongo ukajitenga.

Hawakukimbia. Walishika miti. Theluji ilishuka ikinguruma, mawe yakiruka ndani yake kama maharage chunguni. Wingu jeupe likapanda mpaka jua likafifia. Kisha kimya. Hata ndege hakulia.

Yasuji alipiga magoti. Njia yake ya mkato haikuwepo tena.

"Kumbe mimi ni mdogo hivi," alinong'ona.

Setsuko alimshika bega.

Mzee Torakichi walimkuta amesimama mlangoni, mzima.

"Baba! Mbona hujibu?"

"Betri zimekufa kwa baridi. Nyie mmepita wapi?" Alipoambiwa, alikaa chini kizingitini. "Nimesikia mngurumo. Nikasema, hao ni wanangu."

Akawakumbatia wote watatu, kwa muda mrefu.

Siku hizi theluji ya kwanza ikianguka, Yasuji huwachimbia majirani shimo na kuwashikisha ile ya chini. Wengine huahirisha safari. Wengine hupita msituni, mmoja mmoja. Jioni kila mtu anarudi mzima na kula kwake.