Karibu ya Elinaja

Nyumba ya Mzee Alfred pale Saint Paul, Marekani, inapashwa joto kwa gesi, kwa hiyo Elinaja aliposikia harufu ya makaa ya mawe jikoni alidhani ni mafua yake tu. Alikuwa anaosha vyombo. Mlango wa chumba cha hita ukagongwa mara tatu, kwa adabu, naye bila kugeuka akajibu kama alivyolelewa kwao Same: "Karibu."

Hakuingia mtu. Baadaye, sufuria ikiwa mkononi, akakumbuka kwamba chumba kile hakina mlango mwingine.

Siku ya kwanza ya kazi yake ya ndani mzee alimwambia kuwa katika nyumba hii mlango ukigongwa watu hawaitikii. Elinaja hakuuliza kwa nini. Alikuwa amepewa vyumba viwili vya chini akae na bintiye Christina, mtoto wa miaka saba anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, jambo lililomuuma mama yake kila siku.

Haikupita wiki, alama za vidole vyeusi zikaonekana kwenye mto wa Christina, naye akaanza kukohoa vumbi jeusi. Hospitali walipiga picha ya mapafu wakasema ni safi, lakini mtoto alikuwa anakwisha. Elinaja akapanda juu, akamwekea mzee magotini leso iliyojaa weusi.

Mzee akalia. Alisimulia kwa sauti ya chini kwamba babu yake alichochea moto wa boila katika msafara wa manowari nyeupe za Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, zilipozunguka dunia kutembelea bandari kwa jina la urafiki. Urafiki gani huo wa kubeba mizinga? Juu maofisa walicheza dansi na wenyeji. Chini, kuli wa bandarini alifungiwa ndani ya ghala la makaa. Alibisha mlango. Wachochea moto wakaamriwa wanyamaze, karamu isiharibike.

"Babu alimsikia siku mbili," mzee alisema. "Tangu hapo anabisha kwetu. Hakuna aliyewahi kumjibu."

Elinaja akamwita Kuluthumu, nesi wa mji jirani wa Coon Rapids, ambaye kwao Tanga walirithishana uganga.

"Huyu ni mgeni wako, dada," Kuluthumu alinong'ona. "Mimi nitasoma, ila wa kumtoa ni wewe."

Jioni ile ya Januari Kuluthumu alifukiza ubani akasoma dua, na harufu ya makaa ikaumeza ubani, na nyuma ya mlango wa hita kucha zikaanza kuparuza chuma, polepole, kisha kwa haraka ya mtu anayekosa hewa, na kikohozi cha mtu mzima kikawa kinajibizana na kile cha mtoto, mpaka Elinaja, ambaye nchi hii ilishamfungia milango mingi, akajikuta anatamka maneno aliyoyachukia kuliko yote: "Toka. Hapa si kwako."

Kimya. Christina akavuta pumzi ndefu. Elinaja aliona aibu, aibu ya kweli, lakini alimkumbatia mwanawe na hakujuta.

Kuluthumu alimwonya asiitikie mlango kwa siku saba, akaondoka. Gari lake lilipokata kona, mlango wa mbele ukagongwa. Mara tatu, kwa adabu. Elinaja akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Christina aliutazama mlango kwa huruma. Nje theluji ilikuwa inaanguka.

"Karibu," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kama cha mama yake.