Ufagio Uligusa Jiwe

"Usinishike! Niambie kwanza, ufagio wako uligusa jiwe au haukugusa?"

Trent alikuwa bado amelikumbatia kombe. Aliuangalia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akaurudishia.

"Lorna, mpenzi, tumeshinda. Tunakwenda mashindano ya taifa. Leo ndiyo siku ya kuniuliza hayo?"

"Uligusa, hukugusa?"

"Kidogo tu. Jiwe hata halikuyumba."

Damu ilimchemka Lorna. Majira tisa ya baridi amefundisha mchezo huu wa kusukuma mawe barafuni, wachezaji wakiyafagilia njia kwa ufagio, wazee wa klabu wakimcheka, hadi leo timu yake imetwaa ubingwa wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, kwa pointi moja. Kumbe pointi yenyewe ya wizi! Mchezo huu haungoji refa. Ukiligusa jiwe linalokwenda, unasema mwenyewe, papo hapo. Hata watoto wanajua. Na mwizi ndiye mwanaume wa kumuoa mwezi wa sita.

"Nilikuwa nyuma ya kioo cha uwanja. Ukainua macho, ukaniona nakuona, ukaendelea kufagia!"

"Nilifanya kwa ajili yako! Miaka tisa unayalilia hayo mashindano ya taifa."

"Usinibebeshe wizi wako! Panda juu ukawaambie tuliowashinda."

"Ukifungua mdomo, nani atakupa timu tena? Kocha anayewauza wachezaji wake?"

Juu, kwenye baa ya klabu, washindi huwanunulia bia walioshindwa na kuketi nao meza moja. Lorna akaleta majagi mawili ya bia. Simu yake ikatetemeka. Trent, aliyeketi mbele yake palepale, alikuwa ameandika: "Nakupenda. Nyamaza leo tu."

Gord Pelletier, nahodha wa waliofungwa, akainua glasi.

"Kwa kocha. Vijana wako umewalea vizuri."

Trent akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza Lorna.

"Msinywe! Jiwe la mwisho, Trent aliligusa kwa ufagio. Nafasi ya taifa ni yenu."

"Huyu amechanganyikiwa!" Trent akaruka.

"Niliona," Gord akasema taratibu. "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Mchezaji mmoja wa Lorna akalisogeza kombe upande wa Gord. Wenzake hawakubisha. Trent akatoka bila koti kwenye baridi kali, akajifungia garini. Simu ikatetemeka tena.

"Umenidhalilisha mbele za watu. Harusi hakuna."

Lorna akajibu: "Ilikufa ulipoinua macho. Koti lako liko mlangoni."

Gord akamvutia kiti.

"Mashindano ya taifa ni baada ya wiki tatu. Sisi hatuna kocha."

"Nina hasira, Mzee Gord. Nitawagombeza mpaka mnichukie."

"Basi anza. Leo tulikosea wapi?"

Lorna akajifuta machozi kwa mkono wa sweta, akafungua daftari lake.

"Jiwe lako la tatu. Ovyo kabisa!"