Keki Iliyobaki Mfukoni

Sketi ya Tamsin ilimporomoka Jumatatu asubuhi, amesimama mbele ya jiko anakaanga mayai. Aliidaka kwa mkono mmoja akacheka. Jory mumewe naye akacheka, kisha wote wawili wakaitazama ile sketi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba sketi humbana, haimpwayi.

"Lastiki imelegea hiyo," Jory akasema.

"Haina lastiki. Ina kifungo."

Keziah, mama yake Jory, aliinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai. Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, Mmethodisti wa kufa na kupona, na mdomo wake haukuwa na breki. "Ndiyo faida ya kucheza uchi penye baridi," akasema.

"Hatukuwa uchi, Mama. Tulivaa makoti na buti," Tamsin akasema.

"Afadhali. Maana Mungu naye ana macho."

Walicheka tena, ila safari hii kicheko hakikuwa na nguvu. Tamsin aliibana sketi kwa pini, na mayai yakaungua.

Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa mpevu. Kijijini kwetu, huku juu kwenye nyika ya Bodmin, kuna wanawake kumi na mmoja wanaoshika mila za mwezi, wala si watu wa kutisha. Mmoja hupiga pasi mashuka ya hoteli, mwingine hufundisha watoto kuogelea. Kiongozi wao ni Hester Tregear, muuza mbegu za maua. Kila mwezi unapojaa, hupanda kwenye jiwe kubwa la nyikani jua likishazama, mmoja wao husimama katikati mikono wazi, na Hester humshusha mwezi ndani yake. Wanasema mwezi una nyuso tatu: ukiandama ni msichana, ukipevuka ni mama, ukipungua ni bibi kizee. Aliyeshukiwa hutamka maneno machache ya baraka, kisha hulishwa keki ya shayiri na asali yenye umbo la hilali. Anayekula hapo ni mgeni, yaani mwezi. Akishakula ameagwa, anaondoka zake.

Kwa miaka mingi Hester alitamani kumpata mwanamke mwenye tumbo la kweli. "Mama mwenyewe, chini ya mwezi wa mama!" aliwaambia wenzake, na machozi yakamlenga. Waliipenda mno picha ile, na Jumamosi hiyo Tamsin akakubali kusimama katikati. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi ukishajaa hauna njia nyingine ila kupungua.

Alhamisi mkunga alikuja na utepe wake. Alipima tumbo mara tatu.

"Wiki iliyopita sentimita thelathini," akasema. "Leo ishirini na sita. Tamsin, unakula kweli?"

"Nakula kama fahali!"

Moyo wa mtoto ulisikika, lakini kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya jirani. Walikwenda hospitali mjini, Tamsin akapigwa picha ya tumbo, madaktari wakatazamana, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Jory aliendesha gari hadi nyumbani. Lilikuwa tumbo lao la tatu. Mawili ya kwanza hayakufika hata miezi minne.

Keshoye alirudi kutoka kukamua ng'ombe saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na juu ya paa la zizi ulikuwepo mwezi, mweupe, umemeguka ubavu. Alifungua mlango akasikia kitanda cha mtoto kinabembea ghorofani, kri, kri, kile alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe, na harufu ya jiwe lililolowa ikamshukia ngazini, akapanda huku akimwita mkewe, akidhani ndiye anayekibembeza, akamkuta Tamsin amesimama dirishani amempa mgongo, mikono wazi vilevile alivyosimama nyikani, anautazama ule mwezi wa mchana bila kupepesa, na kitanda kiko nyuma yake hatua nne, hakuna anayekigusa, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, hata wingu lilipoufunika mwezi ndipo kikatulia.

"Tamsin?" akanong'ona.

"Napungua," ikajibu sauti. Haikuwa ya mkewe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka sana. "Na huyu mdogo napungua naye."

Kisha Tamsin akageuka, machozi yanamtiririka. "Nani kasema hivyo, Jory? Nani kasema?"

Siku ile ile Jory alikibeba kitanda akakipeleka chumbani kwa mama yake, kwenye Biblia na picha za wachungaji. "Haya, nimekuwa stoo," Keziah akalalamika, lakini hakukitoa.

Wiki ya pili hapakuwa na utani. Nywele za Tamsin ziliota mvi kwenye panja, vidole vikajikunja, na alipopanda ngazi alishika ukuta kuliko mama mkwe wake. Kila asubuhi mwezi ulichomoza umekonda zaidi, na kila asubuhi tumbo nalo. Jory alianza kufunika madirisha kwa magunia. Haikusaidia kitu, mwezi hauhitaji kukuona. Alikuwa akikamua ng'ombe mmoja anamwacha nusu, anakimbia ndani kumtazama mkewe, anarudi, anasahau ni ng'ombe yupi.

Alhamisi jioni Keziah alilichukua koti la Tamsin alisugue matope. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa haraka kana kwamba ameng'atwa. Alitoa kitambaa, na ndani yake keki ya hilali, nzima, siku kumi na mbili haijaota ukungu. Ilikuwa baridi hata vidole vikamuuma.

"Binti," akasema polepole, "hii ni nini?"

Tamsin aliitazama, akawa mwekundu kwa aibu. "Keki ya Hester. Nilikuwa na kiungulia siku ile, Mama. Na keki zake unazijua, tofali tupu. Niliona nitamvunja moyo nikikataa, nikaitia mfukoni. Nikamwambia tamu sana."

Adabu hiyo! Watu wa huku tuko radhi kufa kuliko kumwambia mtu keki yake hailiki.

Hester aliitwa usiku huo huo, akafika Ijumaa kabla hapajakucha vizuri, buti zimelowa umande. Alipoiona keki mezani alikaa chini bila kukaribishwa.

"Hakuagwa," akasema. "Ee mama yangu. Hakuagwa, na kesho mwezi unakufa."

"Basi aile sasa hivi!" Jory akafoka.

"Punguza sauti," Hester akanong'ona, akitazama tumbo la Tamsin aliyekaa karibu na jiko. "Angeila siku ile, sawa. Sasa ameshajishika na kila kilichomo mle. Tamsin akiila, atatoka na mtoto. Lazima aile mwingine. Mgeni hufuata chakula."

"Nipe mimi."

"Mwanamume hamtaki. Lazima awe mwanamke, wa nyumba hii, na..." Akasita. "Na mwezi sasa hivi ni kikongwe, Jory."

Keziah akaivuta sahani kwake.

"Sema tu, Hester. Tumesoma darasa moja, unanionea haya ya nini? Huyo bibi kizee mnayemwimbia huko mawe­ni, mimi nimekuwa yeye miaka ishirini, tena bila kuimbiwa."

"Mama, usile," Jory akasema. "Hujui itakufanyaje."

"Najua itakavyomfanya huyo mdogo nisipokula." Aliichovya keki kwenye chai, maana meno hayakuwepo ya kuimudu. Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula, sala ile ile ya kila siku, akala mpaka punje ya mwisho. "Hester," akasema akijifuta midomo, "weka siagi siku nyingine."

Harufu ya jiwe lililolowa ikapita juu ya meza. Tamsin alipiga ukelele akashika tumbo, na pini ya sketi ikafyatuka ikagonga kabati. Mtoto alikuwa anapiga mateke. Jory alipiga magoti, akaweka sikio pale, akalia kwa furaha, na hakumwona mama yake anavyoshika ukingo wa meza asianguke.

Mchana kutwa Keziah alipungua. Jioni alikuwa mdogo hata Jory akambeba kwa mkono mmoja kumpeleka kitandani. "Usinililie, mwanangu," alimwambia. "Mlishe vizuri mkeo." Jumamosi asubuhi angani hapakuwa na mwezi. Kitandani palikuwa na gauni la kulalia na miwani tu.

"Amekwenda naye," Hester akasema, akilia. "Mwezi umekufa. Yamekwisha." Na wote wakamwamini, kwa sababu walitaka kumwamini. Jory hakujua amwambie nini mchungaji. Alikifunga chumba cha mama yake kwa ufunguo, hakuwa na moyo hata wa kukitoa kitanda cha mtoto.

Jumatatu jua lilipozama alikuwa uani anafungia kuku. Aliinua macho, na juu ya kilima, upande wa magharibi, akaiona hilali, nyembamba, changa, imeandama. Alisimama na mlango wa banda mkononi. Kila mtoto wa kijijini anajua kwamba mwezi ukifa hurudi, na wao watu wazima watatu walikaa jikoni wakasema yamekwisha.

Alikimbia. Kutoka chini ya ngazi aliisikia tena sauti ile, kri, kri, na katikati yake nyayo nyepesi zinarukaruka, na mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kitoto, wimbo ambao mama yake aliuimba akiosha vyombo, akachomeka ufunguo, na alipoufungua mlango ile harufu ilimpiga usoni, na pale, kando ya kitanda cha mtoto, ndani ya gauni la Keziah lililomburuta sakafuni, alikuwa msichana wa miaka kama tisa, na kidoti cheusi cha mama yake kiko chini ya jicho la kushoto.

"Mama," Jory akanong'ona.

Msichana alimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia. Hakumjua kabisa. Akarudi kwenye kitanda, akapima upana wake kwa viganja.

"Kinatosha," akasema. "Siku kumi na mbili tu. Mwezi ukijaa na mimi nitakuwa mama."

Kutoka chumba cha pili, Tamsin alikuwa anaita. "Jory? Unaongea na nani? Njoo uone, anacheza!"

Msichana aliinua kichwa, akasikiliza, akatabasamu.