Mbwa Aliyelishwa Jasho la Wawili

Kwetu Mtama mbwa mgeni hafungwi kamba. Anayemchukua hufinyanga tonge la ugali, hulipitisha kwapani, kisha humlisha. Akishalimeza jasho hilo, mbwa ni wako mpaka mmoja wenu afe. Na halishwi jasho la mtu wa pili, maana atahamisha maradhi. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, ndiyo maana nasema kaka yangu Frank hakukosea. Alikusudia.

Mwaka jana Frank aliugua baridi. Si homa; vipimo vyote vilikuwa safi. Jua la saa saba linachoma mabati, yeye amekaa uani na koti la sufu, meno yanagongana. Alizunguka hospitali, akazunguka kwa waganga, mwisho akanyamaza. Siku moja akaenda Lindi mjini, kwenye kituo kinachotunza wanyama walioachwa, akarudi na haski, mbwa wa nchi za theluji, mdogo wa miezi mitano hivi, manyoya tele, macho ya bluu. Wazungu waliokuwa naye walikuwa wamerudi kwao.

"Wako huyu, mdogo wangu," alimwambia kaka Eusebio, anayemfuata kwa kuzaliwa. "Akulindie mahindi yasiliwe na nguruwe."

Eusebio alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu utoto alikuwa akingoja Frank ampe kitu, chochote. Akafinyanga tonge, akalipitisha kwapani, akamnyooshea. Mbwa akalinusa. Akageuka, akamtazama Frank kwanza. Ndipo akala. Tukamwita Barafu.

Wiki ya pili Frank alilivua koti. Wiki ya tatu alilivaa Eusebio.

Nilitoka kwangu Milola nikaenda kumuuguza. Mchana wa Januari nilimfunika mablanketi matatu, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye friji. Barafu alilala miguuni pake. Joto lote lile, hakuwa anahema.

"Gete," Eusebio alininong'oneza, "mwambie kaka asiache kuja. Akija napata nguvu."

Frank alikuja. Alikula vizuri. Alikuwa ananenepa.

Tulimzika Eusebio Jumatano. Mbwa hakuonekana tena. Palepale makaburini Bakari, dereva wa pikapu, alinivuta pembeni.

"Yule mbwa mimi ndiye niliyemleta na kaka yako," alisema. "Pale Mingoyo Frank alinunua ugali kwa mama ntilie. Akaupitisha kwapani, akamlisha. Nikajua ni wake."

Nilimfuata mama jikoni, nikamweleza yote. Hakushtuka. Aliendelea kupepeta mchele.

"Nilikuwa na wawili wa kiume," alisema kwa sauti ya chini. "Vyovyote vile ningebaki na mmoja. Nyamaza, mwanangu."

Alijua. Mama yangu mzazi alijua, na uji wa Eusebio alikuwa anaupika yeye. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Jumapili iliyopita Frank alikuja Milola kunisalimia, mara ya kwanza tangu niolewe. Ilikuwa saa nane mchana, natwanga, jasho linanitiririka. Alikuwa amevaa lile koti. Vifungo vyote vimefungwa, hadi shingoni.

Sikumkaribisha ndani. Hakulazimisha. Alitoa leso akanifuta shingo, polepole, kama alivyokuwa akinifuta nilipokuwa mtoto. Na mimi, mjinga, kwa sekunde chache nikamhurumia.

"Pole na kazi, mdogo wangu."

Akaikunja leso. Akaitia mfukoni. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Mvua haijanyesha Milola mwezi mzima. Leo asubuhi nimefungua mlango, nikakuta nyayo za mbwa kizingitini, mbichi, za maji. Zinaingia ndani. Za kutoka hazipo. Nimezigusa kwa kidole, na mpaka sasa kidole hakijapata joto.